Tovuti Nzuri ni Ile Inayomfikia Mama wa Ng'ambo ya Mto

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wanaojifunza usanifu wa tovuti, aliyoyatoa mjini Garsen. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze juu ya mambo mawili. Kwanza, msanifu wa tovuti apate wapi mawazo ya kazi yake. Pili, atumie vifaa gani. Nitayagusa yote mawili, lakini naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuliko darasa lolote.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaingia katika kazi hii, nilitengeneza tovuti ya taasisi moja mbali na hapa. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya uandishi wa habari, na nilitaka watu waone kwamba najua kazi. Ukurasa wa kwanza niliuwekea picha tano kubwa, zikipishana moja baada ya nyingine. Fomu ya basari ya wanafunzi niliipiga picha kama ilivyo kwenye karatasi, nikaipandisha. Rafiki zangu wenye kompyuta waliisifu sana.

Siku moja mzee mmoja alifika ofisini na simu yake mkononi. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nimenunua bando mara mbili, na bado picha za watu wanaopeana mikono hazijaisha kufunguka." Alikuwa akitafuta fomu ya binti yake. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu ilikuwa jana yake. Nilimpa fomu ya karatasi, tukaijaza pamoja, lakini tarehe ilikuwa imepita na haikupokelewa. Mzee hakunilaumu. Alishukuru akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki nikiitazama tovuti yangu nzuri, nikajiuliza: ni nzuri kwa nani?

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja tu. Tovuti nzuri ni ile ambayo mtu mwenye simu ndogo, mtandao hafifu na bando la mwisho anaweza kuifungua, akapata alichokuja kukitafuta, akaendelea na shughuli zake. Mengine yote ni mapambo. Mapambo si haramu, lakini yaje baada ya hayo.

Sheria yenyewe inatuelekeza

Wengine hudhani jambo hili ni hisani ya serikali kwa wananchi. La, ni haki yenu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu mawasiliano na umma.

Iko pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kifungu chake cha 5 kinasema kwamba habari zinapotolewa, ni lazima tufikirie kuwafikia watu wenye ulemavu, gharama kwa mwananchi, lugha ya mahali, na njia inayofaa zaidi katika eneo hilo. Kijana msanifu, yasome tena hayo mambo manne: ulemavu, gharama, lugha, njia inayofaa. Hata ukipata mteja mwenye duka la dawa au chama cha wakulima wa mpunga, maagizo hayo manne yanamfaa vilevile.

Mawazo tunayo hapa hapa

Vijana wengi wakitafuta mawazo hufungua tovuti za kampuni za Marekani, wakaiga. Si vibaya kutazama. Lakini tovuti hizo zimetengenezewa mtu aliyeketi ofisini na mtandao wa kasi. Mteja wetu amesimama juani Minjila akisubiri gari.

Tazameni leso, ambayo iko katika kila nyumba ya hapa. Leso ina sehemu tatu: pindo kuzunguka pembeni, mji katikati, na jina, yaani ule usemi mmoja ulioandikwa chini. Pindo linalifanya jicho litulie lisitangetange. Mji unabeba pambo kuu moja. Jina ni ujumbe mmoja, kwa herufi kubwa, nao unasomeka hata mvaaji akiwa anatembea. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalojulikana zaidi kwa alama ya Mali ya Abdulla, linatajwa sana katika historia ya kuenea kwa misemo hiyo kwenye leso. Mtengenezaji wa leso hakuweka misemo saba. Aliweka mmoja, akaacha nafasi kuuzunguka. Ukurasa wa tovuti ukifuata mpango huo, wenye ukingo ulio wazi, jambo moja kuu katikati na ujumbe mmoja unaosomeka, umefaulu nusu ya safari.

Tazameni tena kibao cha mbele ya matatu. Hola. Garissa. Malindi. Mokowe. Neno moja, herufi nene, rangi inayoonekana kutoka mbali. Abiria hana haja ya kuisoma historia ya kampuni ili ajue apande au asipande. Kitufe chenu kwenye tovuti kiwe hivyo. Badala ya "Bofya hapa", andikeni "Pakua fomu ya basari". Badala ya "Huduma zetu", andikeni "Lipia leseni ya biashara".

Na kama kuna anayedhani kwamba kitu cha Tana River hakiwezi kuwa kikubwa, namkumbusha wimbo wa taifa. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka wa 1963, kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilitafuta sauti itakayobeba wimbo wa nchi mpya. Sauti hiyo ilitoka katika wimbo wa bembelezi wa Wapokomo, ule ambao mama humwimbia mtoto apate usingizi. Wangeweza kuagiza sauti kutoka ng'ambo. Walisikiliza kilichokuwa karibu, wakakipanga upya kwa kazi mpya. Huko ndiko kupata mawazo: kusikiliza kwanza, kisha kupanga.

Kwa hivyo mikeka na vikapu vinavyosukwa vijijini, nyumba za duara za Waorma, rangi ya mto baada ya mvua na kijani cha mashamba ya mpunga, yote hayo ni hazina ya rangi na mipangilio. Piga picha kwa simu yako, uchukue rangi tatu, uzifanyie kazi. Tatu zinatosha.

Nje nako kuna la kujifunza

Sisemi tufunge macho kwa ulimwengu. Mwaka wa 2012 serikali ya Uingereza ilizindua tovuti moja ya huduma zake, GOV.UK. Ukiifungua unaweza kushangaa: maandishi meusi, rangi ya nyuma nyeupe, picha karibu hakuna. Mwaka uliofuata, Design Museum ya London iliipa tuzo ya usanifu bora wa mwaka. Waamuzi hawakutuza urembo. Walituza urahisi wa mtu kupata anachohitaji. Kanuni na vipande vya usanifu huo vimewekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuvisoma bila malipo.

Hapa nyumbani pia tuna walimu. M-Pesa ilipoanza 2007 ilifanya kazi kwenye simu za kabambe, kwa orodha fupi ya chaguo. Ushahidi, iliyoundwa na Wakenya na wenzao mwanzoni mwa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilipokea taarifa za wananchi, zikiwemo za ujumbe mfupi wa simu, ikazionyesha kwenye ramani. Kazi hizo mbili zilijulikana duniani kote kwa sababu zilianza na simu aliyokuwa nayo mwananchi.

Mfano wa mafuriko

Sasa nataka tufanye mfano mmoja, kwa sababu hapa kwetu jambo hili linaweza kuokoa maisha. Sisi tunaishi chini ya mto. Mnakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa na kumwaga, maji hayafiki Garsen siku hiyo hiyo. Kile kipindi cha katikati ndicho muda wetu wa kuhamisha wazee, watoto na mifugo. Tangazo likichelewa kufunguka, tumeupoteza muda huo.

Tangazo la mafuriko mara nyingi huonekana hivi: picha kubwa, nembo tatu juu, salamu, aya ndefu ya utangulizi, na jambo lenyewe chini kwa herufi ndogo. Mtu akiwa na mtandao hafifu haoni kitu. Kipofu anayetumia programu ya simu inayosoma kwa sauti, kama TalkBack, anaweza asiambiwe kitu pia, kwa sababu maneno yaliyo ndani ya picha si maandishi kwa programu hiyo.

Lipangeni upya. Mstari wa kwanza uwe jambo lenyewe: maji yanapanda, hameni mwende sehemu za juu. Mstari wa pili ni vijiji gani. Wa tatu ni lini. Wa nne ni mahali pa kwenda na nambari ya kupiga, iwe nambari ambayo mtu akiigusa inapiga moja kwa moja. Juu kabisa wekeni tarehe na saa ya tangazo, ili watu wasisambaziane tangazo la mwaka jana. Yote yawe maandishi. Ukurasa wa namna hiyo unaweza kuwa na uzito wa kilobaiti 20. Picha moja iliyotoka kwenye simu inaweza kufika megabaiti 4, yaani mara 200. Kisha maneno hayo hayo myatume kwa ujumbe mfupi, na chifu na redio wayasome. Tovuti iwe chemchemi ya habari hiyo, lakini isiwe njia pekee.

Vifaa, vingi ni vya bure

Kifaa cha kwanza ni karatasi na kalamu. Chora ukurasa mara tano kabla hujagusa kompyuta. Karatasi haiishi chaji.

Kwa kuchora mpangilio wa kurasa kwenye kompyuta kuna Figma, yenye sehemu ya bure, na Penpot, ambayo ni programu huria. Zote hufunguka ndani ya kivinjari. Kwa wale ambao mtandao wao ni wa kubahatisha, GIMP ya kurekebisha picha na Inkscape ya kuchora nembo ni bure, na ukishazipakua mara moja hufanya kazi bila intaneti. Zipakueni siku mkiwa na mtandao mzuri, kisha mpeane kwa flashi.

Kwa kuandika kodi, Visual Studio Code ni bure na pia hufanya kazi bila mtandao. Masomo ya HTML na CSS mtayapata bure katika MDN na freeCodeCamp. Wasiotaka kuandika kodi wanaweza kuanza na WordPress. Anayetaka kuonyesha kazi yake ya kwanza bila kulipia anaweza kutumia GitHub Pages.

Kwa picha, Squoosh hupunguza uzito wa picha papo hapo ndani ya kivinjari. Ihifadhini kwa mfumo wa WebP, na mtaona picha ya megabaiti kadhaa ikishuka mno bila jicho kugundua tofauti. Kila picha muiwekee maelezo mafupi ya maandishi kwa ajili ya wasioona. Picha za kutumia kwa ruhusa zipo Wikimedia Commons, lakini someni masharti ya kila picha na kumtaja mpigaji. Na mkimpiga picha mama wa hapa akiwa shambani, mwombeni ruhusa kwanza na kumwambia itatumika wapi.

Kwa herufi, Google Fonts ina aina nyingi za bure. Kumbukeni tu kwamba kila aina mnayoongeza inapakuliwa kwa bando la msomaji. Aina moja inatosha, na mara nyingi herufi zilizomo tayari ndani ya simu zinafaa.

Kwa rangi, kuna kipimo cha WebAIM. Mnaweka rangi ya maandishi na rangi ya nyuma, nacho kinawaambia tofauti yake. Miongozo ya kimataifa inataka maandishi ya kawaida yafikie angalau 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya nyeupe kinaweza kupendeza usiku chumbani. Kipelekeni nje saa saba mchana hapa Garsen, mtaona kimepotea.

Kwa kasi, PageSpeed Insights itawapa alama na kuwaonyesha kilicho kizito. Kivinjari cha Chrome chenyewe kina sehemu ya wasanifu, ambayo huiga skrini ya simu na mtandao wa polepole. Bonyezeni F12 mjaribu. Tovuti yenu ikiwachosha nyinyi wenyewe, itamchosha mteja zaidi.

Kuhusu fomu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye taarifa zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Kama mtu anaagiza embe, usimwombe nambari ya kitambulisho. Fomu fupi ni halali zaidi, na watu wengi zaidi huimaliza.

Kifaa kinachosahaulika

Kifaa kikubwa kuliko vyote hakimo kwenye kompyuta. Ni jirani yako. Ukimaliza ukurasa, mpe simu mtu ambaye hajawahi kuuona. Mwambie, "Shangazi, hebu nitafutie humu tarehe ya mwisho ya basari." Kisha nyamaza. Usimwelekeze wala usimnyooshee kidole. Tazama anapogusa, anapokwama, anaporudi nyuma. Akikwama, kosa ni la ukurasa, si lake. Fanya hivyo na watu watano: mzee mmoja, mwanafunzi mmoja, mfanyabiashara, mfugaji, na mtu mwenye shida ya kuona. Utarudi na orodha ya marekebisho ambayo hakuna programu ingekupa.

Na lugha pia ijaribiwe hivyo hivyo. Andikeni Kiswahili ambacho mngekisema kwa mdomo. Msiiachie mashine itafsiri kisha mpandishe bila kusoma. Tana River ina Wapokomo, Waorma, Wardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wabajuni, Wagiriama na wengine. Kiswahili chepesi ndicho daraja letu. Mkiweza kuongeza sauti fupi iliyorekodiwa kwa lugha ya nyumbani, mtakuwa mmewafikia hata wasiojua kusoma. Lakini iwe ni mtu kuigusa ndipo ifunguke, isimlie bando lake bila idhini.

Kazi ipo

Mtaniuliza, je, kuna riziki? Ipo. Tazameni mji huu: nyumba za wageni, shule za binafsi, vikundi vya akina mama, wauza vifaa vya ujenzi, vyama vya wakulima na wavuvi. Wengi hawana hata ukurasa mmoja wenye nambari ya simu na saa za kazi. Majina ya tovuti yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Upande wa serikali, mpango wa AGPO umetengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Mkisajili kampuni au kikundi mnaweza kuomba kazi hizo. Jambo moja tu: mwandikieni mteja mapatano, na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lake, si lenu. Uaminifu katika mji mdogo ni mtaji.

Namalizia. Nawaachia kazi ya wiki moja. Tafuteni tangazo lolote mlilolipata kama picha kwenye simu zenu, liwe la shule, la chanjo au la mkutano wa kijiji. Liandikeni upya kama ukurasa wa maandishi, jambo kuu likiwa mstari wa kwanza, usizidi kilobaiti 50. Lijaribuni na jirani. Mkija tena, leteni na yale ambayo jirani alisema. Kurasa za ofisi yetu nazo zileteni mezani mzikosoe, nasi tutasikiliza.

Yule mzee wa basari sikumwona tena. Sikuweza kumrudishia siku ile. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba mwingine kama yeye, akiwa ng'ambo ya mto na bando lake la mwisho, anafungua ukurasa na kuikuta tarehe kwenye mstari wa kwanza. Nisaidieni katika hilo.